Chubwi za Salamu

Kazi yangu ni kumimina chubwi. Ni vile vizito vya risasi vinavyofungwa kwenye kamba ya chini ya wavu ili wavu usimame majini, usielee kama nguo iliyoachwa. Nayeyusha risasi mbele ya nyumba yetu, Timbwani, naimimina kwenye kalibu, lile umbo la chuma linaloipa sura, nangoja ishike, nafungua, natoa, nafunga, namimina tena. Kazi yenyewe ndiyo hiyo, haina zaidi. Kuna mgeni aliwahi kuniuliza kama polisi wanajua ninachofanya, maana alisikia neno risasi akaingiwa na hofu. Nilimwambia polisi nao wanakula samaki.

Sikuzaliwa na kazi hii wala sikufundishwa. Ilikuwa ya baba mkwe wangu. Alipofariki, kalibu yake ilikaa chini ya kitanda cha mavyaa wangu, yaani mama wa mume wangu, ikiwa imeviringishwa ndani ya gunia, na hakuna aliyeigusa. Mimi wakati huo nilikuwa nafua nguo za watu, nyumba hadi nyumba, na magoti yalikuwa yameanza kunikataa. Kisha mavyaa naye miguu ikamlegea, akawa mtu wa kushikwa anapoinuka. Nikaona nikipata kazi ya kufanyia nyumbani nitakuwa nimetibu mawili kwa dawa moja. Nikaitoa kalibu. Nilikuwa nimemwona mzee akimimina mara chache, lakini kuona si kujua, na nilijichoma sana kabla ya kujifunza hata kushika upawa wa chuma.

Nilisoma mpaka darasa la saba, kwa hiyo nikikosea katika kuyapanga haya, nisamehewe. Naandika kwa sababu jambo hili limenichosha na sijui bado kama niliamua vyema.

Mnunuzi wangu ni mmoja tu. Ana duka la nyavu, kamba na ndoana kule Likoni, si mbali na kivuko, duka la baba yake na la babu yake kabla yake, Waislamu wa Mombasa wa tangu na tangu. Siku moja nilimpelekea mzigo kama kawaida. Aliniitikia shikamoo yangu, akaniuliza habari za nyumbani moja baada ya nyingine, mguu wa mavyaa, mume wangu, kibanda cha jikoni kilichokuwa kinavuja, yote akayataka mpaka mwisho. Halafu akachukua chubwi mbili kutoka kwenye debe langu, akaziweka kwenye mizani, moja huku na moja kule.

"Tazama, mama," akasema. "Hizi ni mama mmoja, baba mmoja, na hazifanani."

Upande mmoja wa mizani ulikuwa umeshuka. Akatoa nyingine, akabadilisha, ikawa vilevile. Nyingine ilikuwa na mikunjo kama ngozi ya kiwiko, na mdomo wake haukujaa.

"Mvuvi akizifunga hizi, wavu unazama upande huu, ule unaning'inia," akasema. "Na samaki si wajinga. Wananirudishia. Juzi mmoja kanimwagia hapa mezani, kaniambia nimpe za watu, si za watoto."

Akanionyesha katoni kwenye rafu ya nyuma. Zilikuwa chubwi za kutoka nje, za kiwandani, zote sawa kama punje za tasbihi.

"Wallahi sipendi kuziuza hizi. Lakini hakuna anayezirudisha." Akazirudisha zangu debeni. "Niletee mzigo mmoja uliokaa sawa. Nautaka kabla ya mwezi kuisha, usichelewe kama ule wa mwisho. Ukikaa sawa, tunaendelea. Usipokaa, mama yangu, tutaagana kwa wema."

Ningependa kuandika kwamba alikuwa mkali, ingenirahisishia. Hakuwa mkali. Alinipa hata chai. Na alikuwa na haki, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nazijua zile zenye mikunjo, na nilizitia kwenye debe nikitumaini zitapotea kati ya nzuri. Nikatembea kurudi nyumbani nikiwaza nguo za watu, mabeseni, na mavyaa akiwa peke yake na jiko.

Lawama yangu ya kwanza ilikwenda kwa risasi yenyewe, na kwa maana hiyo ilikwenda kwa mume wangu. Yeye ni kibarua upande wa Changamwe, na jioni hupitia kwa mafundi wa pancha pale Magongo kuokota vile vipande vidogo vinavyobanwa kwenye rimu ili gurudumu lisiyumbe. Zamani vyote vilikuwa risasi. Siku hizi vingine ni zinki, na zinki ikiingia kwenye sufuria huharibu kila kitu: risasi inakuwa nzito kama ugali uliokataa kuiva, haiingii kwenye kona za kalibu. Nilikuwa nimeshaona uji wa namna hiyo mara moja. Nikamwambia avigonge kila kimoja sakafuni kabla ya kuvileta. Risasi hulia kizito, kama mtu anayesema hapana. Zinki hulia kama sarafu.

"Unataka nikae pale nigonge-gonge vyuma mbele ya mafundi?" akaniuliza. Alikuwa amekaa kizingitini anavua viatu. "Wataniona mwendawazimu."

"Wakuone."

"Wameshaniona," akasema, akavua na cha pili.

Alivigonga. Siku zilizofuata risasi ilikuja safi, bila hata kipande kimoja cha zinki, na ikayeyuka ikawa laini kama maji ya kisima. Na chubwi zikatoka vilevile, nyingine nzuri, nyingine za mikunjo. Kwa hiyo nilikuwa nimemlaumu bure. Nilimwambia hivyo, maana sipendi lawama ikae juu ya mtu asiyestahili. Akasema, "Sawa," akalala.

Nikahamia kwenye kalibu. Niliisugua, nikaipitisha juu ya moshi wa koroboi mpaka ikapata masizi mepesi ndani, maana risasi hupenda kupita juu ya masizi. Nikatia kipande cha mshumaa kwenye sufuria, nikakoroga, nikaengua mavi yake, zile taka zinazoelea juu, mpaka uso ukang'aa. Nikabadilisha upawa. Nikajaribu kwenda mbio, nikidhani labda polepole yangu ndiyo kosa, lakini nilifungua kalibu kabla haijashika na chubwi zikatoka zimekatika shingo. Nikajaribu kwenda taratibu sana, zikawa mbaya zaidi.

Kwa asiyeijua kazi hii, niseme tu kwamba kalibu ina hali yake ya joto inayoitaka. Ikiwa baridi, risasi inaganda kabla ya kujaza, ndiyo mikunjo. Ikizidi moto, chubwi inatoka imefifia kama iliyopakwa jivu, na inachelewa kushika. Katikati ya hayo mawili kuna njia nyembamba, na njia hiyo ni mwendo. Ukimimina kwa mwendo mmoja, bila kusimama kuikagua kila moja inayotoka, kalibu inabaki na joto lake na chubwi zinafuatana kama mapacha. Haya nilikuwa nayajua. Nilikuwa na hakika kwamba nafuata mwendo. Hapo ndipo nilipokuwa najidanganya, lakini sikuona.

Kilichonifungua macho ni uchovu. Kwa kawaida nikitoa chubwi naitupa kwenye debe. Siku hiyo mgongo ulikuwa unauma na debe lilikuwa mbali, nikawa naziacha tu chini kwenye mchanga mkavu, moja pembeni ya nyingine, kwa jinsi zilivyotoka. Jua lilipopanda nilizima moto, nikafungua kitambaa ninachojifunga mdomoni kwa ajili ya moshi, nikaenda kunawa mikono kwa sabuni mpaka viwiko kama ninavyofanya siku zote. Niliporudi, mavyaa alikuwa ameinama kwenye kiti chake mlangoni, anatazama ule mstari.

"Mwanangu."

"Abee, mama."

"Hizi hapa zimefanyaje?"

"Mbaya hizo, mama."

"Na hizi?"

"Hizo nzuri."

"Halafu hizi mbaya tena." Akanyoosha fimbo yake akazigusa. "Basi hapa ndipo alipopita yule mama anayeuza mihogo."

Sikumwelewa.

"Si alisimama akakuuliza mguu wangu, ukamjibu? Akakuuliza habari za kanisani, ukamjibu. Nawe ukamuuliza mwanawe wa Mariakani. Tatu zimeharibika." Fimbo ikasogea. "Hapa ni fundi cherehani. Yule ana haraka na maneno yake machache. Ona, moja tu."

"Na hapa?" nikamuuliza. Ulikuwa mkia mrefu wa chubwi za kusikitisha.

"Huyo ni shemeji yako alipotoka shamba. Tazama alivyozimaliza! Kila mbuzi wake kazaa hapa."

Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye mchanga. Sikuwa nimecheka hivyo muda mrefu. Mavyaa naye akacheka na kikohozi kikampata, nikampa maji. Halafu kicheko kikanitoka chote mara moja, nikabaki nautazama mstari. Ulikuwa kweli. Kila aliyepita asubuhi ile alikuwa pale chini.

Sisi tuliotoka Kaloleni na kwingine huku nyuma ya pwani, salamu haijibiwi ukiwa umekaa na kitu mkononi. Unaweka chini ulichoshika, unasimama. Ukiwa na mikono michafu unamnyooshea mwenzio kifundo cha mkono, naye anakishika hapo. Unaulizwa ya kulala, ya watoto, ya mgonjwa, ya mvua, nawe unauliza ya kwake kwa mpango huohuo, na huruki hata moja. Ukiruka, umemwambia kuna jambo moja la nyumbani kwake hutaki kulijua. Mimi nilikuwa naweka upawa, naacha kalibu wazi juu ya jiwe, nasimama. Na pale mbele ya nyumba, kando ya njia ya watu wote, ndipo upepo unapovuma, na ndiyo sababu namiminia hapo, kwa ajili ya moshi. Upepo huohuo ulikuwa unaila kalibu yangu wakati mimi nauliza habari za mbuzi.

Baba mkwe yeye alimiminia bandani kwa wavuvi. Wenzake walifika, wakasalimiana naye mara moja, wakakaa. Hakuwa njiani. Sikuwa nimelifikiria hilo kabisa.

Mtu atasema, si uhamie nyuma ya nyumba. Nyuma kuna choo chetu na jiko la jirani, na watoto wake wanalala na kula pale. Siwezi kuwapelekea moshi wa risasi kwa sababu mimi nataka kumimina haraka. Huku mbele watoto tumeshawakataza, na mavyaa analinda kwa fimbo.

Mavyaa ndiye aliyetoa shauri. "Wewe mimina," akasema. "Mimi nina mdomo. Nitajibu kwa niaba ya nyumba."

Asubuhi iliyofuata tukafanya hivyo. Nilifunga kitambaa, nikakaa, na sikuinuka. Mtu akipita nilimsikia akisalimu, mavyaa akapokea, "Karibu, tumeamka, yuko kazini huyo," nami macho yangu yako kwenye upawa. Sijui nieleze vipi ilivyokuwa. Baada ya muda mikono na kalibu vilikuwa kitu kimoja. Mimina, hesabu pumzi, fungua, gonga, funga, mimina. Chubwi zilianguka mchangani zikimetameta, na mdomo wa kila moja umejaa. Debe lilijaa kabla ya jua kuwa kali. Nilichukua mbili bila kuchagua nikazipima kwa mikono, nikapima nyingine, sikuweza kuzitofautisha. Nilichoka, lakini ulikuwa uchovu wa kutosha, si ule wa kupotea. Siku ya pili ilikuwa hivyohivyo. Nikaanza kumwona akilini mwenye duka akizitazama.

Siku ya tatu yule mama wa mihogo alipita kimya. Nilijua ni yeye kwa ndara zake. Alipita na beseni lake kichwani, hakusema hodi, hakusema neno.

Jioni alikuja. Alibisha hodi kwa sauti, akaingia, akakaa karibu na mavyaa kwenye mkeka. Mimi nilikuwa palepale nasugua sufuria, lakini hakunitazama.

"Mama, nimekuja kuuliza," akamwambia mavyaa. "Huyu nimemkosea nini?"

"Hujamkosea. Ana kazi."

"Mimi sina kazi? Beseni hili linajibeba?"

"Hakukusudia, mwanangu."

"Nikipita nasalimu, najibiwa na wewe. Wewe nakujua, tumeshasalimiana. Nilikuwa namsalimia yeye." Hapo akageuka. "Au siku hizi ni bosi? Bosi wa chubwi. Bosi hasalimiwi, anaandikiwa barua."

Nikaweka sufuria chini. Nilimweleza habari za kalibu, jinsi inavyopoa, na mwenye duka alivyosema. Nilieleza vibaya, nikirudia-rudia. Nikamletea zile chubwi za mikunjo za siku ya mstari, zilizotoka alipopita yeye. Akaishika moja, akaigeuza.

"Hii ndiyo mimi?"

Nilitaka kusema uongo. "Ndiyo," nikasema. "Hiyo ni wewe."

Akaitazama tena. "Basi nina sura mbaya," akasema, na mavyaa akacheka, na mimi nikacheka, na yeye mwenyewe akatabasamu kidogo kwa upande mmoja wa mdomo. Lakini hakuiacha hapo.

"Nikuulize," akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Mavyaa wako alipoanguka bafuni, wewe ulikuwa kwenye kufua. Nani alijua? Nilipita nikasema hodi. Akanijibu, hatujambo. Lakini alijibu vibaya, sauti ilitoka chini. Ndiyo nikaingia. Mtu akikujibia mwenzako, utajuaje kama mwenzako yuko sawa? Kama wewe umeugua hapo chini ya kitambaa chako, mimi nitajua?"

Mavyaa alikuwa anatazama vidole vyake. Yule mama alipoondoka alinipa mkono, lakini ulikuwa mkono mfupi.

Nimejaribu kulipima jambo hili kama mizani ya pale dukani, na kila nikiweka kitu upande mmoja, mwingine unashuka. Mwenye duka ana haki. Mvuvi ana haki kuliko wote, maana ndiye anayeingia majini na wavu uliokaa upande. Yule mama ana haki. Mavyaa aliyejitolea mdomo wake ana haki ya kutolaumiwa. Upande wangu sikujua niweke nini. Kuna wakati nilijiambia nina haki ya kufanya kazi yangu bila kusumbuliwa, nikaona aibu. Kuna wakati nilijiambia aibu yenyewe ni upuuzi, watu wa ofisini hawasimami kwa kila apitaye mlangoni na hakuna anayesema wana kiburi. Usiku ule usingizi wangu ulikuwa wa vipande.

Asubuhi nilimwambia mavyaa, "Leo acha nijibu mwenyewe."

"Na kalibu?"

"Nitaona."

Nilichofanya ni kitu kidogo, na huenda mtu mwenye akili zaidi angekifikiria mapema. Mtu akisalimu, sikuiacha tena kalibu wazi juu ya jiwe. Niliifunga, nikailaza juu ya ukingo wa sufuria palipo na moto, nikafunika risasi kwa kipande cha bati, ndipo nikasimama. Nikajibu yote, nikauliza yote. Nikirudi, kalibu ilikuwa na joto, ingawa si lile lenyewe. Basi nilimimina mara ya kwanza, na ya pili, na mara nyingine ya tatu, na zile nilizozipata sikuziweka na nyingine. Nilizirudisha sufuriani kwa koleo, taratibu zisiruke, zikayeyuka tena. Halafu ndipo nikaanza kuziweka mchangani.

"Hizo za kwanza mbona unazirudisha?" mavyaa akauliza.

"Ni za salamu, mama."

Jina likabaki hapo. Sasa akiona naitoa moja yenye mikunjo ananyoosha fimbo na kusema, "Hiyo ya salamu, irudishe," hata kabla sijaiona mwenyewe.

Njia hii ilifanya kazi. Zote zilizobaki mchangani zilikuwa sawa. Lakini sitasema zaidi ya ukweli. Ilikuwa polepole. Kila aliyepita alikuwa na ushuru wake, makaa yaliisha haraka, jua lilinikuta bado nimeinama, na debe lililokuwa linajaa mapema siku zile mbili sasa lilifika nusu na mimi hoi. Siku ya soko, watu wakipita kwa wingi, nilikuwa narudisha sufuriani karibu kama nilivyokuwa naweka. Yule mama wa mihogo alipita na kusalimu, nikasimama nikampa kifundo cha mkono, tukaulizana mpaka mwisho. Aliona naziweka zile za kwanza sufuriani. Kesho yake alisalimu kwa ufupi kidogo kuliko kawaida, na nadhani alifanya hivyo kwa wema. Sina hakika. Inawezekana alikuwa na haraka zake.

Siku aliyoitaka mwenye duka ilipita. Nilikwenda baada yake, na madebe machache tu, mume wangu akinisaidia kuyabeba kabla hajakwenda kupanda feri.

Nilimwamkia. Akaitika, akauliza habari za nyumbani. Mguu wa mavyaa. Kibanda cha jikoni. Mume wangu na kibarua chake. Nilimjibu yote huku nimesimama, na nikafikiri, huyu naye angekuwa anamimina, duka zima lingekuwa mikunjo. Hilo nililimeza.

Akachukua mbili, akaziweka kwenye mizani. Zikasimama. Akatoa moja akaweka nyingine, kutoka chini kabisa ya debe, mkono wake ukiingia mpaka kiwiko. Zikasimama. Akafanya hivyo muda mrefu kuliko nilivyotarajia, na nilimwona anatafuta mbaya na anatumaini asiipate.

"Zimekaa," akasema. "Mashallah. Zimekaa sawa." Kisha akatazama nyuma yangu, mlangoni. "Zingine ziko wapi?"

"Ndizo hizo."

"Hizi tu?"

Hapa ningeweza kuahidi. Watu huahidi, halafu Mungu atajua. Lakini nilikuwa nimechoka, na nikichoka siwezi kutunga.

"Nikikuahidi mzigo mkubwa nitakuwa nakudanganya," nikamwambia. "Sawa naweza. Haraka siwezi." Nikamweleza kwa nini, njia ilivyopita mbele ya nyumba, na watu, na kalibu, na zile zinazorudi sufuriani. Nilitegemea acheke. Hakucheka. Alikuwa anaviringisha chubwi moja kwa kidole juu ya meza, huku na huku.

"Kwa hiyo ni salamu," akasema.

"Ni salamu."

"Huwezi kuwaambia watu?"

"Nimewaambia. Nikaulizwa swali nisilolijua jibu lake."

Akaviringisha tena. "Mama, msimu hausubiri salamu. Bahari ikitulia, watu wote watakuja hapa siku moja, na kila mtu anataka zake."

"Najua."

"Siwezi kumwambia mvuvi angoje mpaka jirani yako amalize habari za mwanawe."

"Najua, bwana."

Mtu aliingia akauliza bei ya kamba, akajibiwa, akatoka. Halafu mwenye duka akasema atachukua hizi, na atazidi kuchukua kwangu kwa ajili ya mafundi wa jarife, wale wanaofunga nyavu kubwa na wanaochagua kila chubwi kwa mkono. Wanaotaka kwa wingi na kwa haraka atawapa za katoni. Kwa maana hiyo kwangu itakuwa nusu ya alichokuwa akichukua zamani.

"Si adhabu," akasema.

"Sijaichukua hivyo."

"Inshallah zikipendwa, tutaona."

"Inshallah," nikasema na mimi. Mimi ni Mkristo, lakini huku kwetu neno hilo ni la wote.

Njiani sikujua nifurahi au nihuzunike. Sikuwa nimepoteza, na sikuwa nimepata. Mume wangu nilipomwambia jioni alisema nusu ni bora kuliko ile ya kuagana kwa wema, na ni kweli. Lakini nusu haitulishi, na sote wawili tulilijua hilo bila kulisema. Nikarudi kufua siku mbili kwa juma, kwenye nyumba mbili tu nilizozijua zina mabeseni ya kusimamia, si ya kuchuchumaa. Siku hizo mavyaa hukaa mlangoni peke yake. Nilimwomba yule mama wa mihogo akipita amsalimu vizuri na amsikilize sauti.

"Nitapita," akasema. "Ila si kila siku, nami nina biashara. Usinitegemee kama ukuta."

Nilimwambia ni haki yake.

Leo nimefua. Magoti yamevimba na mikono inanuka sabuni, na nimemkuta mavyaa palepale nilipomwacha, mzima, analalamika kwamba chai ilipoa. Kesho ni risasi. Kama hakuna atakayepita mpaka jua lipande, nitajaza debe zima, na mwenye duka huenda akafikiria upya. Nimejiuliza kama hilo, kwamba mtu yeyote asipite, ndilo ninalotaka kuliombea, nimeona afadhali nisiombe lolote, nikawasha jiko tuchemshe maji ya kuoga.